Shangazi wa Safari: Mnaoniuliza kuhusu Azemmour

Toleo lililopita niligusia kwamba nilipokuwa nasoma El Jadida, Morocco, sikukaa El Jadida kwenyewe. Nilipanga chumba Azemmour, mji mdogo ulio kama kilomita 16 kabla ya kufika El Jadida ukitokea Casablanca. Nilidhani hakuna atakayejali. Barua mlizoniletea zimenikalisha kitako, basi safu yote ya leo ni ya Azemmour. Wenye maswali ya viza na mizigo mtanivumilia hadi toleo lijalo.

*Shikamoo Shangazi. Kijana wangu amepata nafasi Chuo Kikuu cha Chouaib Doukkali, El Jadida. Wenzake waliotangulia wanamwambia apange Azemmour kwa sababu kodi ni nafuu. Mimi mama yake sina raha. Huo ni mji gani? Atakwenda na kurudi vipi? Na watu wake wakoje? (Mama Kijana, Tanga)*

Marahaba, dada. Wewe ni mtu wa Tanga, umenirahisishia kazi, maana mimi ni wa Pangani. Unajua Pangani ilivyo: mji mkongwe mlangoni mwa mto, ulishakuwa na jina wakati Tanga haijapata reli wala gati, na leo watu wa Tanga wanasema "kule Pangani" kama vile ni shamba. Azemmour na El Jadida ni vivyo hivyo. Azemmour ndiyo iliyotangulia. Ilikuwa mji wenye kuta, soko na wafanyabiashara wa Kiislamu na wa Kiyahudi, na El Jadida wakati huo ni ghuba tu yenye mnara wa zamani. Ila mlango wa mto una mchanga na mawimbi, meli kubwa zilikuwa zinahangaika kuingia, na ghuba ile ilikuwa tulivu. Wenye meli wakaifuata ghuba. Mpaka leo watu wanaupita Azemmour kwa basi bila kugeuza shingo, isipokuwa pale darajani, ambapo nyumba nyeupe zinaonekana zimerundikana juu ya kingo za mto Oum Er-Rbia, na kila mgeni anatoa simu.

Usafiri usikutie hofu. Kuna teksi kubwa zinazobeba watu sita na kuondoka zikijaa. Zamani zilikuwa Mercedes za kale, wawili mbele pembeni ya dereva, wanne nyuma, na mwembamba ndiye anayeonewa. Siku hizi nyingi ni Dacia zenye viti vya safu tatu, angalau mtu anapumua. Unalipia kiti chako, na ukiwa na haraka unalipia na viti vilivyobaki, gari linaondoka. Treni ya Casablanca hadi El Jadida nayo inapita, lakini ni chache kwa siku na kituo kiko nje ya mji, kwa hiyo mwanafunzi hawezi kuitegemea kwa kipindi cha asubuhi. Kubwa ni hili: jioni teksi zinapungua. Kijana akiwa na maabara inayochelewa kwisha, awe na rafiki El Jadida wa kumlaza.

Sasa chumba. Nyumba za mji wa kale, ndani ya kuta, ni nzuri kwa picha. Kuishi ni habari nyingine. Ziko juu ya mto, na kuanzia Desemba unyevu unapanda ukutani hadi nguo kabatini zinanuka ukungu. Hakuna kipasha joto. Watoto wetu wakisikia Afrika wanadhani joto, wanafika na shati la mikono mifupi. Mwambie anunue blanketi nzito kulekule, sokoni, asihangaike kulibeba kutoka Tanga. Na apange mji mpya, nje ya kuta, ghorofa ya juu inayopata jua. Halafu asikubali kupanga kwa maneno matupu. Anahitaji mkataba wa kodi ambao sahihi zake zimethibitishwa ofisi ya serikali ya mtaa, kwa sababu bila uthibitisho wa makazi hapati kitambulisho cha ukaazi. Wenye nyumba wengine hukwepa kuandikiana kwa kuogopa kodi ya serikali. Huyo, hata chumba chake kiwe na dirisha la kuona mto, aachane naye.

Watu. Mwenye nyumba wangu alikuwa mama mtu mzima, mtarizi. Tarizi ya Azemmour ina sifa yake: kitambaa kinahesabiwa nyuzi, na uzi wa hariri, mara nyingi mwekundu, unajaza mandhari ya nyuma, kisha umbo lenyewe linaachwa tupu, jeupe. Ndege wawili wanatazamana, au majoka mawili, katikati yao chombo cha maua. Alikuwa anakaa mlangoni penye mwanga, miwani puani, midomo inacheza kwa kuhesabu, na ole wako umsalimie katikati ya safu. Akimaliza safu ndipo anakuitikia, tena kwa urefu: afya, wazazi, masomo, mvua. Ijumaa nilikuwa naitwa kula kuskusi bila kuulizwa kama nina njaa. Hivyo ndivyo walivyo wengi.

Lakini sitakuficha, maana umeniuliza kama mama. Kijana mweusi ataitwa "azzi" barabarani na vijana wasio na adabu, na si neno zuri. Litamuuma mwezi wa kwanza. Katika mji mdogo faida yake ni kwamba baada ya muda muuza mkate anakujua, kinyozi anakujua, na wale vijana wanajua unaishi kwa nani. El Jadida unabaki mgeni miaka yote. Aende akijua Kifaransa cha kutosha, kwa sababu masomo mengi ya sayansi ni kwa Kifaransa. Kiarabu cha mtaani atakiokota mwenyewe, na akiwa amepita madrasa ataokota haraka zaidi.

*Shangazi, wanafunzi wangu wameona mtandaoni kwamba Mwafrika wa kwanza kufika Amerika alitoka mji huo wa Azemmour na alikuwa Mwislamu. Ni kweli au ni hadithi za mitandao? (Mwalimu wa historia, Bukoba)*

Mwalimu, mtu huyo ni wa kweli. Hilo la "wa kwanza" ndilo la kufuta ubaoni.

Kwenye maandishi ya Wahispania anaitwa Estevanico, jina la ubatizo. Siku hizi Wamorocco wanamwita Mustafa Azemmouri, jina walilompa wenyewe baadaye. Mwenzake wa safari, Álvar Núñez Cabeza de Vaca, alimtaja katika kitabu chake kuwa ni Mwarabu mweusi, mzaliwa wa Azemmour. Basi mji hauna ubishi. Wareno waliuteka mwaka 1513. Mwaka 1521 na 1522 ukame na njaa vikaikumba nchi yote ya Doukkala, watu wakauza watoto wao, wengine wakajiuza wenyewe ili wale, na meli zikawachukua kwenda Ureno na Hispania. Ni katika miaka hiyo kijana huyo aliingia utumwani, akaishia mikononi mwa bwana mmoja wa Kihispania, Andrés Dorantes.

Mwaka 1527 Dorantes akamchukua katika msafara wa Pánfilo de Narváez. Walishuka Florida Aprili 1528, watu kama 300 wakaingia bara kutafuta dhahabu. Wakapata kinamasi, homa na mishale. Walipokata tamaa walirudi pwani wakajenga mashua tano bila hata seremala wa maana: waliyeyusha vikuku vya kukanyagia vya farasi na vyuma vya kuwachochea wakapata misumari na mashoka, walisuka kamba kwa singa za farasi, mashati yao yakawa matanga, na farasi wenyewe wakaliwa mmoja mmoja kazi ikiendelea. Mashua zikapotea na kusambaratika hadi pwani ya Texas ya leo. Katika wote walioingia bara, wanne tu ndio waliotokea wakiwa hai Mexico mwaka 1536: Cabeza de Vaca, Dorantes, Alonso del Castillo, na mtu wa Azemmour. Walitembea kwa miguu kutoka kabila hadi kabila, wakitibu wagonjwa kwa dua na kugusa, na aliyekuwa akitangulia kuongea na wenyeji, kuuliza njia na kujifunza lugha, ni yeye.

Hapa nataka uwasomeshe polepole. Wale watatu walipofika walikuwa mabwana tena. Yeye aliendelea kuwa mtumwa. Mwaka 1539 alitumwa kaskazini amwongoze padri Marcos de Niza kutafuta Cíbola, miji iliyovumishwa kuwa tajiri. Walikubaliana alama: akipata habari ndogo atume msalaba wa kiganja, habari kubwa msalaba mkubwa zaidi. Siku chache tu baadaye wajumbe walirudi kwa padri wamebeba msalaba wa kimo cha mtu. Estevanico hakumsubiri padri. Alifika Hawikuh, mji wa Wazuni, wenyeji wa New Mexico ya sasa, na akauawa huko.

Ama kuhusu "wa kwanza": Juan Garrido, Mwafrika aliyeishi Ureno na Hispania, alikuwa Florida mwaka 1513 na Juan Ponce de León, miaka 15 kabla. Na visiwa vya Karibi vilishakuwa na watumwa wa Kiafrika mapema zaidi. Estevanico hahitaji kuongezewa cheo. Mwafrika aliyevuka bara lile kutoka Florida hadi upande wa Bahari ya Pasifiki, kwa mashua na kwa miguu, akajua lugha za watu aliowapita, ana habari ya kutosha. Uislamu wake nao: alizaliwa katika mji wa Kiislamu, akabatizwa utumwani. Zaidi ya hapo wanafunzi wasimtie maneno mdomoni.

*Mimi ni mkazi wa Mji wa Kale, Mombasa, na kila siku napita Fort Jesus. Hao Wareno wa huko ndio hawa wetu? Na wamebakisha nini? (Mzee wa Kibokoni)*

Shikamoo mzee wangu. Ndio haohao, na mmoja wao namjua kwa mguu wake mbovu. Ferdinand Magellan, ambaye wazungu wanamsifu kwa safari ya kuizunguka dunia, alikuwamo katika meli za Francisco de Almeida zilizoiteka Kilwa na kuichoma Mombasa mwaka 1505. Miaka minane baadaye alikuwa Azemmour na jeshi la mtawala wa Braganza, akachomwa mkuki mguuni katika mapigano ya huko. Alichechemea mpaka kifo chake. Watu wa Mombasa mkitaka kuwashukuru watu wa Azemmour kwa hilo, ruhusa mnayo.

Kilwa walijenga ngome 1505 wakaiacha 1512. Azemmour waliingia 1513 wakatoka 1541, baada ya Agadir kuwatoka mkononi mwaka huohuo. Ndugu wawili wajenzi, Diogo na Francisco de Arruda, ndio waliopewa kazi ya kuimarisha kuta. Buruji zao nene za mviringo bado zipo upande wa mto na upande wa bara, na mizinga mingine iko juu palepale, imeelekezwa majini. Ukuta unaweza kuupanda na kutembea juu yake. Utaona mapaa ya nyumba, majirani wameanika mahindi na nguo, ukuta umegeuka ua wa nyuma.

Fort Jesus yako ina ndugu yake El Jadida, mji ambao Wareno waliuita Mazagão. Walipoiacha Azemmour walijikusanya pale, wakaijenga upya kama nyota yenye ncha, kwa ramani ya Mwitaliano Benedetto da Ravenna. Ya Mombasa, 1593, ilichorwa na Mwitaliano pia, Giovanni Battista Cairati. Wareno walipigana wenyewe lakini ramani walinunua Italia. Waarabu wa Oman waliwatoa Mombasa 1698. El Jadida walitolewa 1769, na walipoondoka walitega baruti langoni. Watu wa mji ule walipelekwa Brazil wakaanzisha mji mwingine wa jina hilohilo, Mazagão, msituni kule Amazon.

Ukifika El Jadida ingia kwenye birika la maji chini ya ngome. Ni ukumbi wa nguzo 25, giza, na tundu moja la duara darini linaloshusha mwanga kwenye maji machache yaliyotandazwa sakafuni. Nimepita Fort Jesus mara nyingi, naipenda, lakini birika kama lile hamna. Msinune.

*Shangazi, nimeolewa muda mrefu sijapata mtoto. Shoga yangu aliye Morocco ananiambia niende Azemmour, kuna walii anayewapa wanawake watoto. Nifunge safari? (Jina limehifadhiwa, Dar es Salaam)*

Mdogo wangu, pole. Nitakueleza kilichoko, kisha nitakuambia la kwangu.

Walii huyo ni Moulay Bouchaib, mcha Mungu wa karne ya 12, maarufu kwa kusimama katika sala hadi watu wakamwita Sariya, nguzo. Kaburi lake liko nje ya mji wa kale, lina kuba na paa la vigae vya kijani, na njia ya kwendea imejaa wauza mishumaa, ubani, maji ya waridi na tende. Wanawake wanatoka miji ya mbali. Wanakaa ndani kimya mikono imewekwa juu ya kitambaa kinachofunika kaburi, wengine wanalia, wengine wamelala tu kwa uchovu wa safari. Anasifika zaidi kwa kuombwa watoto wa kiume.

Mlangoni mwa mto kuna kaburi jingine, la Lalla Aicha Bahria. Wenyeji wanasimulia kwamba alitoka Baghdad kumfuata Moulay Bouchaib, akafa maji pale mto unapokutana na bahari kabla hawajaonana. Huko wanakwenda wanaotafuta waume. Wanaandika ukutani kwa hina majina ya wanaume wanaowataka, na kuna wanawake wa kukuyeyushia risasi na kuimwaga majini ili wasome umbo lake. Ukuta ule nimeusoma. Jina moja lilikuwa limeandikwa kwa miandiko tofauti kabisa, nikamhurumia mwenye jina kuliko walioandika.

La kwangu ni hili. Mji wa Pangani nao una makaburi yanayozuriwa, sitajifanya sijui mtu anakwenda kutafuta nini. Lakini nauli ya Casablanca ni pesa nyingi, na kwa pesa hizo wewe na mumeo mnapimwa vizuri hapohapo Dar. Nimesema wewe *na mumeo*. Katika barua yako ndefu hujaandika hata mstari mmoja kwamba yeye amepimwa. Aanze yeye, kipimo chake ni rahisi kuliko vyako. Dua unaweza kuomba ukiwa nyumbani. Ukija kupata nafasi ya kutembea Morocco kwa matembezi yako, pita Azemmour, mshike mkono shoga yako, muwashe mshumaa mkitaka. Safari ya kukopa, hapana.

*Shangazi, wewe unaandika kuta na makaburi, mimi nataka samaki. Mji wa mtoni wanakula samaki gani? (Mvuvi, Kisumu)*

Umegonga penyewe, ndugu yangu. Samaki wa Azemmour alikuwa shabeli, samaki wa baharini mwenye mwili wa fedha na miiba isiyohesabika, anayepanda mtoni majira ya kuchipua kutaga mayai. Ndiye aliyeulisha mji. Mwaka 1486, kabla hawajatekwa, wakuu wa Azemmour walikubaliana na mfalme wa Ureno wamlipe ushuru wa kila mwaka, na ushuru wenyewe ulikuwa shabeli 10,000. Si dhahabu, si ngano. Samaki. Wareno walikuwa wanajua wanachokitaka.

Leo huyo shabeli hayupo. Mto Oum Er-Rbia una urefu wa kilomita 555 hivi, unatoka milima ya Atlas ya Kati, na umefungwa kwa bwawa juu ya bwawa: Sidi Said Maachou miaka ya 1920, kisha Imfout, Daourat, na kubwa kuliko yote, Al Massira, 1979. Maji hayo yanamwagilia mashamba ya Doukkala na kunywesha Casablanca, siwezi kusema hayana kazi. Lakini samaki aliyepanda alikuta ukuta, na mwaka uliofuata akakuta ukuta tena, na kufikia miaka ya 1990 akawa ametoweka Morocco nzima. Kisha ukaja ukame mrefu wa miaka ya karibuni. Al Massira ilikaribia kukauka, maji ya kusukuma mchanga yakakosekana, na mlango wa mto ukawa unaziba hadi mashine zikaletwa kuchimba njia. Mto ukikosa kufika baharini, maji yanatuama chini ya zile kuta nyeupe na yananuka. Wapiga picha hawawaambii hilo.

Nilimkuta mzee mmoja anarekebisha wavu chini ya mji, mashua yake imeandikwa namba kwa rangi ya bluu. Macho ya wavu yalikuwa mapana mno kwa samaki wadogo waliobaki mtoni. Nikamuuliza. Akasema ni wavu wa shabeli, wa baba yake, na kwamba anaurekebisha kwa sababu umechanika. Akaendelea na kazi yake.

Kwa tumbo lako basi: dagaa wakubwa wa baharini, wale sardini, wanachomwa kwenye makaa au wanapasuliwa, wanapakwa kitunguu saumu, bizari, giligilani na ndimu, wanabandikwa wawili wawili na kukaangwa. Ni wa bei ndogo na ni watamu. Samaki wengine wanakuja kutoka bandari ya El Jadida. Mgahawani ukiona shabeli ameandikwa, uliza ametoka wapi. Muuzaji akikujibu "mtoni hapa", agiza sardini.